DM: Kisa cha Herufi Mbili

Kila mwanafunzi wa uzamili anaujua ukurasa ule ambao hakuna anayeusoma. Huja baada ya tabaruku na shukrani, kabla ya sura ya kwanza, nao huitwa Orodha ya Vifupisho. Nilipouandika wangu niliupanga kwa alfabeti kama kanuni zinavyotaka, nikaridhika nao, nikauchapa. Mojawapo ya mistari yake ilisema: DM – Diwani ya Mnyampala. Msimamizi wangu aliponirudishia rasimu, kurasa zote za mwanzo zilikuwa safi isipokuwa mstari huo. Alikuwa ameuzungushia wino mwekundu na kuandika pembeni: "Maneno matatu tu. Kuna haja gani ya kuyaficha?"

Yamkini alinuia kuandika "kuyafupisha" na mkono ukamtoka. Au labda aliandika alichokusudia. Almuradi neno hilo lilinifuata hadi bwenini, na usiku ule sikufanya masahihisho mengine yoyote. Nilikaa nikizitazama zile herufi mbili, D na M, ambazo nilikuwa nimeziweka pale kwa wepesi wa mtu anayetaka kupunguza idadi ya maneno, ilhali katika nyumba yetu zina historia nyingine kabisa.

Msomaji mpenzi, sisi watu wa Kiswahili tumelelewa na vifupisho. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akihudhuria kikao chetu kwa mara ya kwanza husikia wenzake wakizungumza kuhusu CHAKITA, CHAKAMA na CHAWAKAMA, akafikiri ni majina ya vijiji vilivyo jirani. Anaambiwa asome machapisho ya TUKI, na akiitafuta taasisi hiyo anaelezwa kwamba tangu mwaka 2009 inaitwa TATAKI. Hata maradhi tumeyaita hivyo. Upungufu wa Kinga Mwilini umekuwa UKIMWI, na neno hilo likazoeleka mno hata likaanza kuandikwa kwa herufi ndogo, likajipatia upatanisho wa kisarufi wa neno la kawaida, na siku hizi ukimwuliza mtoto wa shule herufi zake zinasimamia nini atakutazama kana kwamba umemwuliza neno "malaria" linasimamia nini.

Huyo Mnyampala mwenyewe ni ushahidi mzuri. Mathias Mnyampala (1917–1969), Mgogo wa Dodoma aliyepata kuwa hakimu na ambaye ndiye aliyeistawisha ngonjera ikawa bahari inayotambulika, aliandika Ngonjera za Ukuta, vitabu viwili vilivyotoka baada ya kifo chake. Mtu asiyejua historia akiliona jina hilo atafikiri juu ya mawe na udongo. Kumbe UKUTA ni Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, chama cha washairi. Kisha mwaka 2016 chama cha upinzani cha CHADEMA kikatangaza vuguvugu lake na kuliita UKUTA, yaani Umoja wa Kupambana na Udikteta Tanzania. Herufi ni zile zile tano, nchi ni ile ile. Washairi wa kwanza walitumia ngonjera kuieneza siasa ya serikali. Wa pili walitaka kuandamana dhidi ya serikali. Niliwahi kumweleza mwenzangu mmoja jambo hili akasema kwamba basi ukuta una pande mbili. Alikuwa anatania, lakini nililiandika kwenye daftari.

Nimesema herufi za DM zina historia nyumbani kwetu. Babangu alikuwa mwalimu wa Hisabati katika shule ya msingi huko Taita, milimani juu ya Voi, na alistaafu akiwa bado na chaki mfukoni. Mwaka 2008 nilikuwa darasa la tano na yeye ndiye aliyetufundisha vipimo vya urefu. Tuliviimba kwa mpangilio wake: kilomita, hektomita, dekamita, mita, desimita, sentimita, milimita. Alipenda kutuambia kwamba desimita ndiyo yatima wa familia ile. Fundi seremala anapima kwa sentimita na kwa futi, fundi cherehani anapima kwa inchi, barabara zinapimwa kwa kilomita, bali desimita haitumiwi na yeyote nje ya darasa. "Na bila yake," alikuwa akisema, "hamjui lita ni nini." Kisha anachora mchemraba ubaoni, kila upande desimita moja, na kutuonyesha kwamba maji yanayojaa humo ni lita moja kamili. Nilimwonea desimita huruma kubwa.

Mwaka huo huo niliiona kadi. Ilikuwa kadi ya kliniki, ya karatasi ngumu, imekunjwa mara mbili na kutiwa ndani ya kitabu chake cha mahudhurio ya wanafunzi. Juu, baada ya jina lake, palikuwa na herufi mbili kubwa zilizopigiwa mstari: DM. Nilikuwa nimetoka kujifunza vifupisho vya vipimo na nilikuwa na kiherehere cha mtu mwenye elimu mpya. Nikamwuliza, "Baba, hii DM ni desimita?"

Alinyamaza kidogo. Ninakumbuka kunyamaza kule, ijapokuwa sikukufahamu wakati ule.

"Ndiyo," akasema. "Ni desimita. Wamenipima urefu."

Nilimwamini. Na kwa kuwa kadi haikuonyesha tarakimu yoyote mbele ya zile herufi, nilikwenda kuleta rula yangu ya sentimita thelathini, nikamsimamisha ukutani sebuleni, nikapanda kigoda, nikampima. Babangu alikuwa na desimita kumi na saba na sentimita mbili. Nilitia alama ya penseli ukutani, nikaandika pembeni "17 dm" na tarehe. Alama hiyo ipo hadi leo. Nyumba imepakwa rangi mara moja tangu hapo, na mamangu alimwomba mpaka rangi apazunguke mahali pale.

Kwa miaka kumi na mitatu herufi hizo hazikunisumbua tena. Nilikutana nazo katika sura nyingine nyingi. Chuoni nilikuta maktabani kitabu cha isimu kilichochapishwa Ujerumani, na nyuma ya jalada bei imeandikwa kwa penseli kwa DM, sarafu ya Wajerumani iliyoondoka noti za euro zilipoingia mwaka 2002. Mwenzangu anayesomea Sheria alinionyesha kesi za zamani ambamo DM alikuwa Hakimu wa Wilaya. Na kwa rika langu lote, bila shaka, DM ni ujumbe wa faragha wa simuni. Kijana akisema "niletee DM" hatazamii sarafu wala hakimu. Nilikuwa nikijidai kwamba najua maana zote za herufi hizo.

Kisha Agosti 2021 babangu akapata kidonda. Kokoto ndogo ilikuwa imeingia ndani ya kiatu chake cha kushoto, akatembea nayo kutwa nzima bila kuihisi. Alipovua soksi jioni ilikuwa imelowa damu. Nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza na ninakaa nyumbani nikingoja TSC iniajiri. Tulimsafisha kwa maji ya chumvi, tukamfunga kitambaa safi, na baada ya majuma mawili kidonda kilikuwa kimepanuka badala ya kufunga. Tukampeleka hospitalini, mimi na mdogo wangu wa kidato cha tatu. Daktari alikuwa kijana, pengine hakunizidi kwa miaka mitano. Aliutazama mguu, akaugusa hapa na pale kwa ncha ya kalamu huku akiuliza kama anahisi, kisha akatuuliza sisi badala ya kumwuliza mgonjwa: "Mzee ana DM tangu lini?"

Mdogo wangu akaangua kicheko. Ninamsamehe, kwani kwake yeye neno lile lilikuwa na maana moja tu, na wazo la babangu mwenye simu ya vibonye kupokea jumbe za faragha lilikuwa kichekesho halisi. Mimi nilisema, kwa sauti ya mtu anayejua, "Hiyo ni desimita." Daktari alitutazama sote wawili. Babangu aliinamisha kichwa akasema taratibu, "Tangu elfu mbili na nane, daktari."

DM ni diabetes mellitus, ugonjwa wa kisukari. Neno la kwanza ni la Kiyunani, linahusu kupita: maji yaingiayo mwilini na kupita yakitoka. La pili ni la Kilatini na linahusu asali, kwa sababu mkojo wa mgonjwa una utamu. Kiswahili kimekwenda moja kwa moja kwenye sukari, na hapo hapo kikatupatia utata wa aina yake, maana kisukari pia ni ndizi, ile ndogo na tamu kuliko zote. Ugonjwa huo usipodhibitiwa huharibu mishipa ya fahamu ya miguuni, na ndiyo maana mtu anaweza kutembea juu ya kokoto kutwa nzima bila habari. Aidha, mwili ukishindwa kuitumia sukari yake huanza kula mafuta na misuli yake wenyewe, na mtu hukonda.

Kukonda huko ndiko kulikomfanya aseme uongo. Alinieleza wodini usiku wa pili, mamangu alipokuwa amesinzia kwenye kiti. Nilimwuliza kwa nini aliniambia desimita.

"Ulikuwa na miaka kumi na mmoja," akasema. "Ningekwambia ninaumwa ungelia shuleni, na wangekuuliza unalilia nini. Na wakati ule, mwanangu, mwalimu akikonda kijijini, watu hawakuuliza anaumwa nini. Walikuwa wameshajipa jibu."

"Lakini si ugonjwa huo waliokuwa wakiufikiria."

"Nani angesimama njia panda na kuwaeleza? Nilikuwa na herufi mbili zisizojulikana na mtu. Nilishukuru Mungu kwa herufi zile."

Nimeitafakari kauli hiyo mara nyingi kuliko kauli yoyote ya mhakiki niliyemsoma. Darasani tunafundishwa kwamba kifupisho huundwa kwa ajili ya wepesi na uokoaji wa nafasi. Ni kweli, lakini wodini nilitambua kwamba kadi zote zilizoning'inia kwenye vitanda zilikuwa na herufi kama hizo, na wageni walipita katikati ya vitanda wakizitazama bila kuambulia chochote. Kwa mgonjwa anayelala chumba kimoja na watu ishirini, herufi hizo ni pazia. Siwezi kuwabeza walioliweka. Hata hivyo pazia lile lile ndilo lililomziba mamangu asijue kwa nini mumewe huamka mara nne usiku, na mimi nisijue kwamba chai niliyokuwa nikimtilia vijiko vitatu vya sukari, kwa mapenzi, nilikuwa ninamdhuru nayo. Alikuwa akiinywa yote. Hilo ndilo ambalo bado linanikera: alikuwa akiinywa yote na kusema asante.

Mguu ulipona. Kidole kimoja kilikatwa, na daktari alisema tumebahatika. Aliruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na chupa ya insulini, mabomba ya sindano, na karatasi ya maagizo. Kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba nilikabidhiwa karatasi.

Asubuhi ya kwanza niliosha mikono, nikasafisha kifuniko cha chupa kwa pamba, nikasoma. Karatasi ilisema kwamba kila asubuhi apewe 100. Niliisoma tena, nikaona 100. Chupa yenyewe ilikuwa na maandishi ya 100 ubavuni, bomba la sindano nalo lilikuwa limeandikwa U-100, na mistari yake ilianzia chini ikaishia kwenye mia. Kila kitu kilipatana. Ningekuwa ninahariri muswada ningesema vyanzo vitatu vinathibitishana. Nikageuza chupa, nikaanza kuvuta. Nilikuwa nimepita alama ya themanini babangu aliponiuliza, "Unavuta ngapi?"

"Mia."

"Jana muuguzi alivuta hapa," akasema, akaweka ukucha wake chini kabisa kwenye bomba. "Mistari michache tu. Mbona leo ni bomba zima? Kitu hakiwezi kuwa mara kumi ya jana bila sababu."

Nilimwonyesha karatasi. Aliivaa miwani, akaisogeza dirishani, akaitazama jinsi alivyokuwa akitazama hesabu ya mwanafunzi aliyepata jibu lisilowezekana. Hakusema kitu. Alinirudishia na kuniambia niende nayo kwenye zahanati kabla hajala chochote. Nilikwenda nusu nikitembea, nusu nikikimbia. Afisa wa kliniki aliitazama kwa sekunde moja. "Hii ya mwisho si sifuri," akasema. "Ni U. Yuniti kumi."

Aliyeiandika alikuwa ameifunga U yake kwa juu, basi. Pengine alikuwa amechoka. Pengine foleni ilikuwa ndefu. Insulini yuniti mia kwa mtu aliyepaswa kupewa kumi huishusha sukari ya damu hadi ubongo ukakosa chakula: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, kuzimia, na kwa mzee dhaifu aliye mlimani mbali na hospitali, kaburi. Baadaye nilipata kusoma kwamba kosa hili linajulikana duniani kote. Mwaka 2004 shirika linalokagua hospitali nchini Marekani lilitoa orodha rasmi ya vifupisho visivyoruhusiwa kuandikwa, na U ndiyo iliyotajwa mwanzo, kwa sababu hiyo hiyo ya kufanana na sifuri. Wanataka neno liandikwe lote. Katika orodha hiyo imo pia MS, ambayo kwa daktari mmoja ni mofini na kwa mwingine ni chumvi ya magnesi. Katika tasnifu yangu mimi MS ni muswada. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu maktabani, na hakikuwa kicheko cha furaha.

Kwa muda wa mwezi mzima kila nilipofumba macho niliiona sindano ile ikiwa imejaa. Nilikuwa na shahada ya lugha. Nilikuwa nimewahi kumkata alama mwanafunzi wa kidato cha pili, nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, kwa kuandika "n.k." kila baada ya sentensi mbili. Nilijua kutofautisha kifupisho na akronimu, na ningeweza kuandika kurasa kumi juu ya uhulutishaji. Ila aliyenizuia nisimwue babangu ni mwalimu wa Hisabati ambaye hakuisoma herufi ile vizuri kuliko mimi. Yeye aliuliza tu kama jibu linaweza kuwa kweli.

Sikumjibu msimamizi wangu kwa maandishi. Nimeufuta mstari ule, na kila mahali katika tasnifu nimeandika Diwani ya Mnyampala, maneno yote matatu. MS nayo nimeiondoa. Orodha imebaki na mistari michache, na wenzangu wananiambia kwamba inaonekana kama ya mtu mvivu.

Mwezi wa Aprili nilikwenda nyumbani na rasimu zote mbili, ya zamani na mpya, kwa sababu babangu hupenda kuona karatasi. Tasnifu yenyewe hakuisoma. Alisema maneno ni mengi mno na hesabu haimo hata moja. Lakini ukurasa wa zamani wa vifupisho ulimvutia. Aliupitisha kidole mstari baada ya mstari, akatua kwenye ule uliozungushiwa wino mwekundu. Alikaa nao kwa muda. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kwamba sikuwa na nia ya kumkumbusha chochote.

"Huyu Mnyampala," akaniuliza, "naye alikuwa na sukari?"

Mamangu alicheka hadi akaweka sufuria chini. Kisha akatukumbusha kwamba ni saa kumi na mbili unusu na chakula kiko tayari. Babangu akainuka, akaegemea ukuta kidogo karibu na alama ya penseli kwa kuwa mguu wa kushoto bado humchelewesha, akaenda kuleta chupa na bomba lake. Siku hizi hulivuta mwenyewe. Kazi yangu ni kusoma mstari kwa sauti kabla hajajidunga, na yeye hurudia.

"Kumi na nne," nikasema.

"Kumi na nne," akasema, "yuniti."